Sirop ya Menthe Kwenye Radiateur: Tulivyokwenda Kuimbia Mapasa Kwenye Theluji

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu Héritier na wenzake wa nyuma ya darasa wameshaanza kuusimulia vibaya, na mimi sipendi ujinga wangu usimuliwe na watu ambao hawakuwepo.

Siku moja kabla ya kuondoka, Tonton Flory, mdogo wake Mama, alinipa kazi ya kuosha gari. Si gari la kawaida. Ni lile wanaloliita camping-car: ndani kuna vitanda viwili, meza, jiko la gesi na kisinki cha kuoshea sahani. Alilinunua kwa mzungu mmoja wa kule mtaa wa Golf aliyekuwa anarudi kwao. Akaniambia: «Osha inje. Osha na ndani kama uko na nguvu. Lakini capot, kifuniko ya moteri, usifungue.»

Kumwambia mtoto wa mtaa wetu wa Hewa Bora asifungue capot ni sawa na kumwambia afungue haraka. Rafiki zangu walikuwa wamesimama pale wanataka kuona moteri, nami nikafungua. Nikaona maji ya radiateur, yale ya kupoza moteri, ni ya kijani, kijani kabisa. Kwetu, maji yakiwa ya kijani, maana yake yamekaa kwenye pipa mpaka mbu wamezaa humo na kusomesha watoto. Nikaona aibu kwa ajili ya gari. Nikalala chini, nikafungua kibomba cha radiateur, nikayamwaga yote kwenye mfereji, kisha nikajaza maji safi ya robine, bomba letu la nyumbani. Nilijipongeza mwenyewe.

Jioni, tukila bukari, ugali wetu, Tonton akawa anamsimulia Mama: «Mzungu aliniambia: Flory, haribu yote unataka, lakini ile mayi ya rangi ya majani usiiguse. Njo inakatalaka baridi. Kule ku milima, mayi ya bule, ya robine tu, inageukaka jiwe mu moteri, moteri inapasuka, unabakia na marmite ya kupikia.»

Tonge la bukari lilipita kooni kwangu bila kutafunwa.

Mngeniuliza kwa nini sikusema palepale. Ngojeni niwaambie tulikuwa tunakwenda wapi.

Yaya Nadège, dada yangu mkubwa, alikwenda kusoma Johannesburg, huko akampata Tefo, mtu wa Lesotho, wakafunga ndoa. Mama aliijua ndoa hiyo kupitia picha kwenye simu ya jirani. Tangu siku ile, miaka minne, Mama hakuongea na Nadège hata neno moja. Sasa Nadège alikuwa amezaa mapasa, watoto wawili siku moja, kule juu kabisa milimani, mahali ambapo mume wake anafanya kazi ya bwawa. Kwetu mapasa hawapokelewi kimyakimya. Lazima waimbiwe nyimbo zao, zile za matusi matupu, wazazi watukanwe, kila mtu acheke, kisha wapewe majina yao, Kyungu na Kabange. Na anayejua nyimbo zote ni Kambo, bibi yetu, ambaye alisema hapandi ndege mpaka Yesu arudi, na akirudi atamwomba washuke pamoja kwa miguu. Familia ya Tefo ilikuwa imepanga sherehe ya majina siku ya Jumapili. Nadège alipiga simu analia: «Kama Kambo hatafika, batoto batapewa majina ya upande moja tu, na miye ntakuwa kama muntu alitoka mu jiwe.»

Mama aliposikia mapasa, alisema: «Mumwambie pongezi.» Akarudi kusonga bukari. Hakutuma kitu, hata kitenge.

Kwa hiyo ilikuwa Kambo afike Jumapili, au basi. Na mimi nafasi yangu ndani ya gari niliipata kwa sababu niliapa kwamba najua Kiingereza. Kama ningesema habari ya maji, Tonton angeniacha nyumbani na safari ingengoja mpaka yapatikane mengine, na kwetu mtu wa kununua dawa ya baridi atoke wapi? Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa pili. Alfajiri, wote wakifunga mizigo, nilichukua kwenye kabati chupa ya Mama ya sirop ya menthe, ile tamu ya kijani yenye harufu ya mnanaa anayoitunza kwa wageni, nikaimwaga yote kwenye radiateur. Ikawa kijani kizuri. Hata mzungu mwenyewe angesaini.

Hewa Bora mpaka Kapiri

Mambo ya makaratasi nayaruka, mnayajua. Mpakani Kasumbalesa tulikaa kwa saa sita nyuma ya malori. Lori moja likatuziba mbele, Tonton akatoa kichwa dirishani kumpigia dereva makelele. Kambo akamshika sikio kutoka kiti cha nyuma. Tonton ana miaka arobaini na tumbo, lakini sikio ni la mama yake.

«Flory. Muntu anaenda ku mapasa habebe kasirani. Bale batoto banasikia toka mbali, batakataa kunyonya. Unataka kutukana, tukana. Lakini imba.»

«Kambo, huyu muntu anatuziba njia.»

«Njo umuimbie.»

Basi Tonton, mwenye duka, aliyevaa shati jeupe, akaimba dirishani: «Ee dereva wa Kasumbalesa, kichwa yako kama pneu ya gari bila hewa.» Mimi na Kambo tukaitikia. Dereva alishuka na uso wa vita, akasikiliza, akauliza kwa Kibemba ni nani amezaa mapasa. Kambo anaongea Kibemba kama maji. Walicheka, lori likasogea. Tangu hapo ikawa sheria ya gari: hakuna hasira bila wimbo.

Kapiri, upande wa Zambia, tulikula kuku wa kienyeji na nshima, ambayo ni bukari iliyokwenda shule. Jua lilikuwa kali, moteri ikapata moto, na hapo harufu ya peremende ikaanza.

«Nani anatafuna bombo?» Tonton akauliza.

Nikasema ni mimi.

«Toa na yangu.»

«Imekwisha, Tonton.»

Kila tuliposimama, sisimizi walikuwa wanapanga mstari kutoka chini ya mti mpaka kwenye pua ya gari, wanapanda juu ya bomba la radiateur kwa furaha kama wanafunzi siku ya ripoti. Tonton alidhani ni wadudu tuliowagonga njiani. Kambo aliangalia sisimizi, kisha akaniangalia mimi, kisha akaangalia tena sisimizi. Nilianza kumwogopa.

Uzio wa ng'ombe

Botswana hawachezi na magonjwa ya ng'ombe. Barabarani kuna uzio mrefu na askari wa mifugo, mnashuka, mnakanyaga godoro lililolowa dawa, hata viatu vya ndani ya mizigo vinatolewa navyo vikanyage. Kambo alipoona godoro lile, alivua kitambaa cha kichwa, akakanyaga taratibu, akafanya ishara ya msalaba. Akarudi akakanyaga tena kwa ajili ya Mama.

Kisha wakafungua mizigo na kuona kikanda. Ninyi mnakijua kikanda: mizizi ya porini inayosagwa na karanga na pilipili, inapikwa mpaka inakuwa kama keki nyekundu. Lakini kwa mtu asiyekijua, ukikikata ni soseji kabisa. Askari akasema nyama haipiti. Nikamwambia si nyama, ni ua. Nilitafuta neno la mizizi kwa Kiingereza, halikuja, likaja la ua. Akaniangalia kama mtu anayeambiwa kwamba mbuzi ni mti.

«Anasema nini?» Kambo akauliza.

«Anasema ni nyama.»

Kambo akakata kipande, akakishika mbele ya mdomo wa askari kama anamlisha mtoto, na hakushusha mkono. Yule baba alikuwa na bunduki, na nyuma yetu magari kumi yanangoja. Akafungua mdomo. Akatafuna. Akamwita mwenzake. Tulipoondoka saa moja baadaye, kikanda kilikuwa nusu, na wale askari walikuwa wanatupungia mkono. Tonton alisema kwa hesabu yake tumechelewa. Ilikuwa Alhamisi jioni.

Mama wa pompe

Afrika Kusini ni barabara na baridi. Kila asubuhi kidogo zaidi. Nyasi nyeupe kwa umande mgumu, pumzi inatoka mdomoni kama moshi wa mbabula, jiko letu la makaa. Mimi kila alfajiri nilikuwa wa kwanza kushuka, naweka sikio kwenye moteri kama daktari. Tonton akawaambia watu wawili kwamba mpwa wake atakuwa injinia.

Jumamosi mchana tukafika kwenye mji mdogo wa mwisho kabla ya mpaka wa Lesotho. Milima ilionekana, na juu yake kitu cheupe. Tukaingia kwenye pompe kuweka mafuta. Aliyehudumia alikuwa mama mnene mwenye jaketi mbili na kofia ya manyoya. Bila kuulizwa akafungua capot, akafungua radiateur, akanusa. Akanusa tena. Akaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia naongea Kiingereza.

Akauliza nani ametia juisi humu.

Akasema usiku wa leo kule juu itaganda, moteri itapasuka, msipande. Akafunga ngumi, kisha akaifungua ghafla vidole vyote: puuu.

«Anasema nini?» Tonton akauliza.

Ndugu zangu, nilikuwa na sekunde moja, na niliitumia vibaya. «Anasema tuko na gari ya muzuri sana.»

«Na ile ya puuu?»

«Njo namna yao ya kusema Mungu abariki safari.»

Tonton ni mtu wa adabu. Akamsogelea yule mama, akamwinamia, akafunga ngumi mbele ya uso wake, akaifungua. «Puuu na kwako, Mama.» Yule mama akarudi nyuma hatua mbili.

Nikamfuata nyuma ya duka, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anayo maji yenyewe ya kijani. Akasema tangu jana watu wamemaliza yote kwa sababu ya theluji, na maduka mengine Jumamosi mchana yamefungwa. Akanishika bega. Maneno ya mwisho sikuyaelewa yote, lakini uso wake niliuelewa. Niliporudi garini Kambo alikuwa anamenya chungwa.

«Yule mama ameongea mingi,» akasema. «Weye umetafsiri kidogo.»

«Kiingereza iko mufupi, Kambo.»

«Hm,» akasema Kambo. Akanipa nusu ya chungwa.

Kupanda

Chini ya mlima kulikuwa na jua, watoto wanacheza mpira bila koti. Kona ya kumi, upepo. Kona ya ishirini, mvua ya mawe ikapiga bati la gari mpaka hatukusikiana. Ikakata kama bomba lililofungwa, jua likarudi, Tonton akaimba. Halafu ukungu, hatukuona hata pua ya gari. Tulipotoka kwenye ukungu kila kitu kilikuwa cheupe: mlima, barabara, mawe, kondoo.

Niliomba kushuka. Héritier aliniuliza theluji ni kama nini. Ni kama lori la unga limepinduka, lakini ukitia mdomoni ni maji tu, na ukitia kwenye shingo ya Tonton anaimba wimbo mrefu sana. Kambo alichukua kidogo kwa kidole, akaonja. «Haina chumvi,» akasema, akafunga dirisha.

Gari lilikuwa linateleza. Tonton alishika usukani kwa mikono miwili, ulimi umetoka, anapanda kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Mara mbili magurudumu ya nyuma yalikwenda yanakotaka, na upande wa kushoto kulikuwa na bonde ambalo sikutaka kulijua. Hakuna aliyesema turudi. Kambo alikuwa anahesabu shanga za rozari kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine anapiga mdundo wa mapasa kwenye goti.

Karibu kabisa na juu tukakuta mtu wa barabara amesimama katikati na bendera nyekundu. Mbele, theluji imeziba. Mashine ya kusukuma itakuja asubuhi. Kurudi chini nako hapana, barabara imeshakuwa barafu. Tonton akaweka gari pembeni, jua likiwa linashuka nyuma ya mlima, akasugua viganja.

«Hatujachelewa. Asubuhi bakifungua, saa sita tuko ku Nadège. Tulale.» Akazima moteri.

Nilisikia kimya kile. Nilisikia na bati linavyoanza kulia, tik, tik, baridi ikilibana. Nikafikiria puuu. Nikamwona Nadège amekaa kwenye nyumba ya watu anangoja, na sisi juu ya mlima na marmite.

«Tonton,» nikasema, «ile mayi ya majani haiko tena.»

«Iko. Niliiona miye mwenyewe ku Johannesburg.»

«Ile njo sirop ya menthe ya Mama.»

Nikaeleza yote: mfereji, robine, chupa, mama wa pompe. Tonton alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika rangi kama hali ya hewa ya mlima ule. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, na mimi nikafunga macho.

«Flory,» Kambo akasema. «Imba.»

«Kambo, uniache.»

«Batoto bako karibu sasa. Banasikia. Imba.»

Sijawahi kuona mtu akihangaika hivyo kutafuta sauti. Mwishowe akaanza, meno yakiwa yamefungwa:

«Ee Gédéon, mutoto wa dada yangu,
ulinywesha moteri sirop,
kesho itaomba na keki,
weye njo utazima bougie, mishumaa yote.»

Kambo akaitikia kwa makofi. Tonton akaimba ubeti wa pili, wa tatu. Ubeti wa nne ulihusu kichwa changu na siwezi kuuandika. Kufikia wa sita alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na sijui machozi yalikuwa ya nini.

«Kambo, weye ulijua?» nikauliza.

«Miye ninaonaka sisimizi toka ujana wangu. Nilikuwa nangoja kinywa yako, bwana yangu.» Bibi zetu wanatuita bwana zao, mnajua, lakini siku ile niliona ndoa yangu iko hatarini. Kisha akavua shuka mabegani kama mtu anayetaka kufua. «Sasa. Kama mayi itaganda, itoke. Pipa tupu haipasuke.»

Na ni nani alijua kile kibomba cha radiateur kiko wapi? Fundi mkuu mwenyewe. Nililala chali kwenye theluji, maji vuguvugu ya menthe yakanimwagikia mpaka kwapani, na Tonton akafungua kizibo cha upande wa moteri. Tukajaza bidoni tatu, yale madumu Kambo aliyokuja nayo yana munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ule tuliomaliza kunywa Botswana. Tukifikiria nje yataganda, tukagawana: kila mtu alilala na bidoni yake ndani ya blanketi. Yangu, kwa adhabu, ilikuwa kubwa kuliko zote, nayo ilinikumbatia mpaka asubuhi na ilinuka bombo.

Mtu wa farasi

Asubuhi kulikuwa na jua, anga ya bluu, na baridi ya kukata masikio. Maji ya bidoni yalikuwa bado maji. Tonton akasema tuyapashe moto kwanza, tusije tukayamwaga kwenye chuma baridi yakaganda humohumo. Akawasha jiko la gesi. Halikuwaka. Akatikisa chupa ya gesi. Nayo imepigwa na baridi, haitoi pumzi.

Kambo akainama chini ya kitanda, akavuta gunia, akatoa mbabula. Tonton alikuwa amemkataza mara tatu asibebe mbabula kwenye gari lenye jiko. Kambo akaiweka mbele ya miguu yake bila kumkumbusha, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Lakini makaa yalikuwa konzi moja tu. Tuliyawasha nje, nyuma ya gari, upepo ukayala, na sufuria haikupata hata joto la chai. Kambo, kwa kujitia nguvu, akaanza kuimba wimbo wa baba wa mapasa, ule mbaya kuliko zote.

Hapo akatokea mtu juu ya farasi, amejifunga blanketi zito lenye pini kubwa kifuani, na mbwa wawili. Aliposikia Kambo, akasimamisha farasi, akavua kofia, akainamisha kichwa. Akabaki hivyo mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema amina.

Kambo akamwambia amina.

Alikuwa anaitwa Ntate Molefi, mchungaji wa kondoo. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Nilimwonyesha radiateur, bidoni, mbabula. Akashusha gunia kutoka kwa farasi: vipande vikavu vya mavi ya ng'ombe, vimekatwa kama matofali. Tonton akasogea nyuma. Ntate Molefi akavipanga, akakaa upande wa upepo na blanketi lake limefunguliwa kama ukuta, na moto ukashika, mwekundu, bila kelele. Sufuria tatu. Mimi nikapanda juu ya kiti, nikamimina kidogo kidogo, Tonton akishika mpira wa bomba kuhisi joto.

Alipokwenda kuwasha, hakuna aliyepumua. Mara ya kwanza, kikohozi. Mara ya pili, kikohozi kirefu. Mara ya tatu moteri ikanguruma, na mlima mzima ukanuka menthe.

Ntate Molefi akaniuliza ule wimbo wa sala wa bibi unasema nini. Nilikuwa nimeapa usiku ule, na bidoni ni shahidi, kwamba sitatafsiri uongo tena. Nikamwambia. Akavaa kofia yake, akacheka mpaka farasi akageuka kumwangalia.

Jumapili

Mashine ilipita, barabara ikafunguka, tukafika saa saba mchana. Nyumba ya Tefo iko kwenye mteremko, watu kama arobaini wamevaa mablanketi, kondoo amekwisha kuchinjwa, mzee mmoja amesimama katikati anaongea. Kambo hakungoja gari lisimame vizuri. Alishuka, akajifunga kitenge vizuri, akapiga kofi moja na kuanza.

Watu wote wakanyamaza. Mzee naye akanyamaza. Sauti ya Kambo ni nyembamba, lakini kwenye baridi inakwenda mbali. Mlango wa nyumba ukafunguka, Yaya Nadège akatoka peku juu ya theluji, na kabla hajatufikia alikuwa anaitikia, kila neno, na yale mabaya pia. Miaka minne sikuwa nimemwona. Amenenepa na amezeeka na ni yuleyule.

Mama yake Tefo, mwanamke mrefu mwenye uso wa mkuu wa shule, alinisogelea akaniuliza huyu bibi anasema nini kuhusu mtoto wake. Watu arobaini wakageuka. Ndugu zangu, nilitafsiri. Sentensi kwa sentensi, kwa sauti, na pale neno lilipokosekana nilionyesha kwa mikono. Tefo alijifunika uso na blanketi. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, hakutikisika. Kisha akakaa chini kwenye theluji, akapiga magoti yake kwa viganja na kucheka bila sauti, mpaka wawili wakamwinua. Naye akajibu na wimbo wake mwenyewe, na mtu wa kututafsiria huo hakuwepo, lakini Kambo alisema ameuelewa wote.

Mapasa ni wasichana. Wana majina ya kwao mawili, na ya kwetu: Kyungu, anayelia, na Kabange, anayengoja mwenzake alie ili alale.

Watu walipoanza kula, Nadège alikwenda kwenye gari. Alifungua mlango wa nyuma akaangalia ndani. Vitanda viwili, meza, bidoni tatu.

«Mama iko wapi?»

Nilitafuta mzaha. Huwa nao daima, mnanijua. Siku ile haukuja. Nikasema: «Hakukuya, Yaya.»

Akafunga mlango taratibu, kama kuna mtu amelala. Kambo alimwona. Akanikamata mkono, akasema nitoe simu nishike sauti, nirekodi. Mama yake huyo aliyezaa mapasa naye anatukanwa, hiyo ni haki, na kama hayupo atatukanwa hukohuko alipo. Akaimba, Kyungu akilia kwa nyuma:

«Ee Albertine, binti yangu,
mu kifua ulitia mayi ya bule.
Baridi moja tu ilipiga,
inapasuka, na unasema iko muzima.»

Hewa Bora

Kurudi hakuna la kusimulia. Tonton alinunua dawa ya kijani ya kweli, akaitia mwenyewe, na kufuli akaweka kwenye capot. Tulirudi bila Kambo, ambaye amesema atakaa mpaka watoto waote meno au Ntate Molefi amwoe.

Mama alikuwa jikoni. Nilijua atauliza chupa yake, kwa hiyo nilianza na chupa. Nikasema na mengine yote, tangu mfereji. Aliendelea kuchambua matamba, mboga yake ya majani. Kisha nikaweka simu juu ya meza, nikaifungulia sauti.

Alisikiliza mara moja. Akafuta mikono, akaniambia nirudishe. Mara ya pili aliinama karibu, si kwa Kambo, kwa yule anayelia nyuma. Mara ya tatu aliirudisha mwenyewe.

«Anayelia njo nani?» akauliza.

«Kyungu.»

Akakaa. Matamba yakabaki kwenye sahani. Nilingoja mwiko, nilingoja jina langu lote pamoja na la ubatizo. Hiki ndicho alichosema, sikuongeza wala sikupunguza:

«Sirop tutaongea siku ingine. Sasa kimbia kwa Tonton yako, umuulize ile mayi ya majani ya kweli banaiuzishaka wapi, na ununue mingi. Miye nikienda kuona batoto bangu, siendi na mayi yako ya bombo.»